Bei ya Waliobaki

Mwanangu Riziki,

Umekwenda kuwaaga mashangazi zako kule mtaa wa Mangobo, na ninavyowajua hawatakuachia upesi. Mama yako amejinyoosha kidogo chumbani. Mvua ya mchana imekatika, njia imejaa matope, na mimi nimekaa barazani na karatasi hizi kwa sababu kuna maneno ambayo nikijaribu kukuambia macho kwa macho nitaanza kukohoa, halafu nitaishia kukuuliza kama umechaji simu.

Mambo ya simu, ya dawa za malaria, ya kutotia pesa zote mfuko mmoja, na ya ndugu yetu atakayekupokea Kinshasa, mama yako ameshayasema na kesho bandarini atayarudia. Mimi nataka kukuandikia juu ya kazi unayoiendea.

Siku walipokupigia simu kwamba umechukuliwa katika ofisi inayopanga bei za umeme na gazi ya kupikia, uliingia ndani ukipiga makofi. "Papa, nitafanya kazi kama yako!" Mama yako aliinuka akaenda nyuma ya nyumba. Mimi nilicheka, nikakukumbatia. Kicheko kile hakikuwa cha uongo, lakini ndani yake palikuwa na woga.

Unajua Mama Jeanine alivyokufa. Ulikuwepo kwenye matanga, ulilala mkeka mmoja na rafiki yako Jeanine. Usichokijua ni njia tuliyopita mpaka tukafika pale, maana hukuwahi kuketi katika chumba cha komisyo, ile kamati yetu ya bei, na nyumbani sikuwa mtu wa kueleza ya kazini. Nataka uijue kutoka kwangu, tangu mwanzo. Siku si nyingi nawe utaketi kwenye meza kama ile, na watu wapole, waliovaa vizuri, watakuwekea mbele hesabu zisizo na kosa hata moja.

Ilianza na wewe, ingawa sikulaumu. Ulikuwa mwanafunzi bado, mlikwenda Masako na mwalimu wenu kuangalia msitu. Ulirudi na viatu vimejaa tope, ukakaa mezani ukaikataa sahani yako. Ulisema mahali mlipofanyia kazi mwaka uliotangulia, penye miti ambayo uliijua kwa majina, sasa pana tanuri za kuchoma miti iwe makala, zinafuka moshi. "Papa, ni sisi tunaokula ule msitu," ulisema. "Sufuria kwa sufuria." Mama yako alikuwa ameinama juu ya mbabula, jiko letu la makala, anapuliza moto.

Maneno yale yalinikaa. Kwa hiyo kampuni ya gazi ilipokuja kwenye divisheni yetu ya uchumi na mpango wake, nilikuwa tayari kuwasikiliza kuliko wenzangu wote. Unaukumbuka mpango. Tangi kubwa la chuma lijengwe karibu na mto, gazi ipande kutoka chini kwa meli za mizigo, na kutoka tangini mabomba yapite chini ya ardhi hadi kwenye baadhi ya avenyu za mitaa ya Makiso na Kabondo. Kila nyumba iwe na mita yake na robine yake ya kufungulia gazi jikoni. Makala yaishe polepole. Walisema gazi si mwisho wa safari, ni daraja. Baada yake itakuja nguvu ya jua, na umeme wa maji siku mashine zetu zitakapotengenezwa. Nililipenda neno hilo, daraja. Mimi nimekulia Kindu, mtu wa mto analipenda neno daraja.

Serikali ya jimbo iliunda komisyo ya kupanga bei ili kampuni isije ikawanyonya watu, nami nikawekwa kuwa prezida wake.

Kikao cha kwanza kabisa, injinia wa kampuni, aitwaye Patrice, kijana mtaratibu wa Lubumbashi, alisimama akasema jambo ambalo kama ningelizingatia, leo ningekuandikia barua ya namna nyingine.

"Papa Prezida," alisema, "bomba hili linaweza kuishi kuliko mimi na weye. Lakini munasema gazi iko daraja tu. Donc, siku moja watu watavuka, na bomba litabaki chini ya udongo likiwa bado zima. Gharama yake iko ileile, watu wawe wengi ao wachache. Nani atalipa ile yenye itabaki?"

Mmoja wetu akamwambia aseme anachotaka.

"Iko njia tatu," akajibu. "Tulipishe haraka sasa, wakati watu wako wengi, bei ikuwe juu kidogo. Ao serikali ibebe kipande. Ao mwenye anatoka, alipe kitu kwa kutoka. Tusipochagua hata moja, alors, atalipa mwenye atabaki nyuma."

Riziki, alisema waziwazi namna hiyo. Hakuna aliyetuficha. Lakini uzinduzi ulikuwa karibu, gavana angekuja kukata utepe, na mimi niliona kwamba bei ikianza juu watu wataogopa, watabaki na makala yao, na miti yako ya Masako itaendelea kuanguka. Nikamwambia, "Injinia, tuanze kwanza. Hayo mengine tutaona mbele." Wenzangu wakatikisa vichwa. Tukapanga bei ndogo, bei nzuri, tukapigiwa makofi. Gharama ya bomba tukaisukuma kwenye miaka ijayo, kama mtu anayefagia taka hadi kwa jirani.

Jirani mwenyewe alikuwa Mama Jeanine.

Wewe ulimjua kama mama wa rafiki yako, mjane wa nyuma ya ua, aliyekuwa akiwapa ninyi wawili mikate ya moto ya kukaanga mnapokwenda shule. Mimi nilimjua kama mtu asiyekubali kitu upesi. Mafundi walipofika avenyu yetu, wengi walikuwa wanawakimbilia. Yeye alifunga mlango wa ua. Nilikwenda mwenyewe kuzungumza naye. Alikuwa anakanda unga, mikono myeupe hadi viwikoni.

"Papa Riziki, hii kitu haitalipuka na miye?"

"Haitalipuka, mama. Mafundi wameipima."

"Na bei? Makala najua bei yake. Nikikosa ya gunia, nanunua makala ya sahani moja. Hii ya bomba, nani anapanga?"

Nilijipiga kifua. "Ni miye. Niko ndani ya komisyo."

Akacheka. "Basi kama iko weye, niko na amani."

Akakubali. Na kwa kuwa gazi haina moshi, akaamua kuhamisha jiko lake. Zamani alikaangia uani chini ya mabati manne, mvua ikimpigia mgongoni. Sasa alijenga chumba kidogo kando ya nyumba, cha matofali, na mlango wa kufunga kwa kitasa, na dirisha dogo la juu lisilopitisha mwizi. Mbao za dirisha lile nilimpa mimi. Zilikuwa zimebaki kwenye kazi yetu ya paa. Nilisaidia hata kushika ubao fundi alipokuwa anapigilia misumari, na nilifurahi, kwa sababu niliona mwanamke wa kwetu anapikia ndani ya nyumba yake kama watu wengine duniani.

Tulikuwa na wakati mzuri. Nakuandikia haya pia kwa sababu ni kweli. Mapazia ya mama yako yalikaa meupe. Kikohozi cha Mama Jeanine, kile tulichokizoea kama jogoo wa alfajiri, kilikwisha. Wewe na Jeanine mlipaka rangi ya bluu jiko lile jipya, mkarudi mna bluu hadi kwenye nyusi. Jioni mtu akipita avenyu yetu alisikia harufu ya vitunguu bila moshi. Watu walinisalimia kwa furaha njiani, na mimi nilitembea kwa miguu hata pale ningeweza kupanda toleka ya baiskeli, ili nisalimiwe zaidi.

Halafu sahani za umeme wa jua zikashuka bei.

Wa kwanza kutoka walikuwa mabwana wa mjini kati, wenye maduka na wenye nyumba za kupangisha mashirika. Waliweka sahani juu ya paa, betri ndani, jiko la umeme jikoni, wakapiga simu kampuni kwamba mita yao ing'olewe. Hakuna aliyewazuia. Wala hawakufanya ubaya, Riziki. Walifanya jambo ambalo sisi wenyewe tulikuwa tunalisema redioni: hamieni kwenye nishati safi zaidi. Daraja lilikuwa linavukwa.

Lakini umeshawaona wavuvi wa kwetu wakibeba mtumbwi juu ya mawe kwa kukwepa maporomoko. Wako watu kumi, mtumbwi mwepesi. Mmoja akijitoa, mabega ya wengine yanashuka kidogo. Wa pili akijitoa, mwenye bega dhaifu anaanza kuyumba na kufikiri kutoka naye. Mtumbwi haupungui uzito. Patrice alirudi komisyo na hesabu mpya, tukazikagua mstari kwa mstari. Zilikuwa sawa. Tukapandisha bei. Kwa kuwa bei ilipanda, wengine wenye uwezo wakaona sasa jua ni nafuu, wakatoka. Patrice akarudi tena. Tukapandisha tena.

Kati ya kupandisha huko, nasi tulitoka.

Unakumbuka ndugu yetu Tonton Amisi alivyotuletea zile sahani kutoka upande wa Bunia, na wewe ukapanda ngazi kumshikia nyaya. Sikukueleza kitu. Mama yako peke yake ndiye aliyeniuliza, akiwa anafuta jiko la gazi kwa mara ya mwisho.

"Na komisyo?"

"Komisyo ni kazi," nilimjibu. "Hii ni nyumba yangu."

Akakunja kitambaa, akaenda kunawa mikono.

Nikaendelea kuwa prezida. Nilikwenda vikaoni, nikapanga bei ya moto ambao haukuwaka tena kwangu. Siku moja, Mama Jeanine aliniita kutoka upande wake wa ua. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameshika bakuli, anapepeta maharagwe.

"Papa Riziki, nauliza tu. Munapanga bei ya kitu chenye hamupikie tena?"

Nilicheka kidogo. Nikamwambia bei ni mambo ya hesabu, haitegemei nani anapika nini. Akasema, "Aa, bon." Akarudi kwenye maharagwe yake.

Nimelijibu swali lile mara nyingi tangu hapo, na kila mara jibu linakuwa refu zaidi na halifiki.

Sasa nikueleze kikao kimoja, kwa sababu ndicho kinachonirudia. Tulikuwa tumebaki na nyumba chache kwenye kila avenyu, karibu zote za wapangaji, wajane, na watu wasio na paa la kuweza kubeba sahani. Patrice alikuja, safari hii bila kompyuta. Alisema, "Papa Prezida, nimechoka kuleta hii hesabu. Njia zile zingine bado ziko. Hawa wenye walitoka, tuwaombe walipe kipande cha bomba. Bomba lilichimbwa kwa ajili yao pia. Ndiyo wao walifanya likuwe refu hivi."

Alikuwa na haki. Mtu wa kwanza kushawishi bomba lifike kwake alikuwa tajiri wa mjini kati, siyo Mama Jeanine. Nilizungusha macho mezani. Tulikuwa watu saba. Kila mmoja wetu pale alikuwa ameshatoka kwenye gazi. Kumkubali kungekuwa kujilipisha sisi wenyewe, pamoja na wakubwa waliotuweka pale. Mtu akasema sheria haituruhusu, na kweli haikuwa wazi. Mwingine akasema tuiandikie serikali ya jimbo ibebe. Tukaandika. Serikali ya jimbo haikuwa na mishahara ya walimu, ingetoa wapi ya mabomba? Patrice akaniangalia mimi. Nikasema, "Tupandishe kwa leo. Hayo tutayachunguza."

Hakuna aliyenipa bahasha, mwanangu. Afadhali kungekuwa na bahasha. Mtu anayepewa bahasha anajua saa aliyoipokea, na siku akitaka kutubu ana mahali pa kuanzia. Mimi nilikaa kwenye kiti, nikasikiliza, nikasoma, nikapiga kura kwa dhamiri tulivu, kisha nikaenda nyumbani kupika kwa jua.

Mama Jeanine hakukosa kulipa hata mwezi. Alipunguza mafuta kwenye mikate, akaifanya midogo, watoto wa shule wakaanza kumlalamikia. Jeanine akaanza kuuza sabuni hospitalini baada ya zamu yake ya usafi. Wote wawili walibaki kwenye bomba kwa sababu mtaji wa kununua kitu kingine ulikuwa unaliwa na bomba lenyewe. Halafu kampuni ikahesabu ikaona kwamba avenyu yetu haistahili tena kulishwa, ikaja kwetu kuomba ruhusa ya kuifunga. Tukatoa ruhusa.

Fundi alipofunga robine ya barabarani, Mama Jeanine alikuja hadi mlangoni kwetu. Wewe ulikuwa chuoni. Alisimama pale kwenye ngazi, hakutaka kuingia.

"Miye sikukosa kulipa," aliniambia.

"Najua, mama."

"Wale walikosa kubaki, ndiyo wamenifungia?"

Mama yako alitoka, akamwambia aje apikie kwetu, jiko liko, jua liko. Alikuja mara mbili. Alileta sufuria yake, akapika amesimama, akaharakisha, akafuta meza ambayo hakuichafua. Mara ya tatu hakuja. Betri zetu zisingeweza kubeba kikaango chake cha asubuhi na chakula chetu, na alikuwa ameliona hilo kabla yetu.

Akarudi kwenye makala. Mabati yale manne ya uani alikuwa ameshayauza zamani, kwa hiyo mbabula aliuweka mle mle, ndani ya jiko la bluu.

Siku nyingi hakukuwa na shida, maana aliacha mlango wazi. Ile siku mvua ilikuja na upepo, mvua ya kutupa mabati. Alifunga mlango ili maji yasizime moto. Jeanine alirudi kutoka kazini akakuta mlango umefungwa na harufu ya maharagwe yaliyoungua. Alinipigia kelele kutoka ule upande, nikaruka ua kwa umri wangu huu, nikausukuma mlango kwa bega. Mama Jeanine alikuwa amekaa chini, ameegemea ukuta, kijiko cha mti mapajani. Nilidhani amesinzia. Tulimbeba nje kwenye mvua, tukampepea, tukamwita. Jeanine alikuwa anamwita kwa jina lake la utotoni, jina ambalo sikuwahi kulisikia. Daktari alisema ni hewa ya makala, hewa isiyo na rangi wala harufu, inamchukua mtu kama usingizi.

Niliangalia juu nikaliona dirisha. Lilikuwa dogo sana.

Kwenye matanga Patrice alikuja. Hukumtambua, hukuwa umewahi kumwona. Ni yule kijana mwenye shati jeupe aliyekaa peke yake kwenye kiti cha plastiki karibu na njia. Nilikwenda kukaa kando yake. Akasema, "Papa, lakini hesabu zilikuwa sawa?" Aliuliza kweli, kama mtu anayeomba kuonyeshwa kosa.

"Zilikuwa sawa," nilimwambia.

Akalia. Aliacha kampuni mwezi uliofuata, sijui yuko wapi.

Jeanine hakunilaumu. Alisema jambo moja tu, siku tulipomaliza kuondoa mahema. "Kila bei ilipopanda, mama alikuwa anasema, usiogope, Papa Riziki iko ndani." Alilisema bila ukali, anakunja mkeka, na mimi nilimsaidia kushika upande mmoja.

Sasa utaniuliza: papa, ungefanyaje? Nimelitafuta kosa langu kama mtu anayetafuta funguo nyumbani. Wakati mwingine naliona kwenye kikao cha kwanza, nilipokataa kulipisha haraka. Kisha nafikiri: ningelipisha haraka, Mama Jeanine asingeingia kabisa. Angebaki uani na moshi wake, anakohoa, mzima. Na msitu ungekwenda vilevile. Wakati mwingine naliona kwenye kile kikao cha Patrice kuja mikono mitupu. Hapo sina utetezi. Lakini najua pia kwamba ningesimama peke yangu, wangenitoa, wakaweka mwingine, na bei ingepanda ileile na jina tofauti chini yake. Sikuambii haya ili unihurumie. Nakuambia kwa sababu utakuta ofisi yako imejaa watu wanaozijua njia zote tatu za Patrice, watu wazuri, waliosoma kuliko mimi, na kila mwaka watapandisha.

Kama kuna kitu nimejifunza ni kidogo sana, na sijui kama kinasaidia. Ukiwa mezani, jiulize nani kati yenu anapikia kitu mnachokipangia bei. Kama hakuna, ujue tu kwamba hakuna. Usitoke na hasira, usihutubie watu. Ujue, na usiruhusu mtu akuambie kwamba hilo si la maana. Na usijipige kifua mbele ya mtu kumwambia bei iko mikononi mwako. Mwache aogope. Woga wa Mama Jeanine ulikuwa na akili, mimi ndiye niliyeuondoa.

Kuna jambo ambalo sijakuambia bado, na mama yako anataka ulijue kwangu. Wameniita tena. Kampuni nyingine inaleta umeme wa jua, mtambo mmoja mkubwa na nguzo na nyaya hadi kwenye avenyu zilezile, na jimbo linaunda komisyo mpya. Wanataka niwe prezida kwa sababu nina uzoefu. Nilikwenda kuwasikiliza. Niliwauliza, siku wenye uwezo watakapoweka sahani zao wenyewe wakajitoa, nani atalipa nguzo na nyaya? Walitazamana. Mmoja akasema kwa heshima kwamba hilo si swali la leo.

Nimekubali. Usije ukaliita jambo hilo ujasiri. Sina imani kwamba safari hii itakuwa vingine. Nitauliza swali hilo kila kikao, wataliandika, na tutapandisha. Nimekubali kwa sababu nilifikiria kiti kile kikikaliwa na mtu ambaye hajawahi kumbeba mtu kumtoa nje, kwenye mvua, na nilishindwa kukaa nyumbani. Huenda ni kiburi kilekile cha kutembea kwa miguu nisalimiwe. Mama yako anasema ni hicho. Mimi sijui.

Nawe utakwenda. Chombo kitasimama Yanonge, kitasimama Barumbu, na kila mahali utaona magunia ya makala yanapakiwa hadi yawazidi abiria, na huenda ukalala juu yake. Sisemi uyahesabu wala uhuzunike. Watu wa Kinshasa nao wanapika.

Jana jioni nilikwenda kumwambia Jeanine kuhusu hiyo komisyo, nisingependa alisikie redioni. Sasa anauza makala pale kwenye njia panda, umemwona, kitambaa kichwani na mikono myeusi. Alinisikiliza hadi mwisho huku akijaza sahani za wateja.

"Bon," alisema. "Muende mukae kwenye kile kiti."

Nikamuuliza kama ana neno la kunituma kule.

Alijaza sahani nyingine. "Makala haina komisyo, papa. Ikipanda, inapandia wote. Hakuna mwenye anakuambia usiogope."

Betri zetu zimekufa tangu masika, unajua mwenyewe, na za kubadilisha sina. Samaki na pondu ya majani ya muhogo utakavyokula kwenye chombo, mama yako amevipika leo asubuhi kwa makala ya Jeanine. Nilikwenda kuyanunua mimi. Aliniambia bei, bei ya kila mtu. Nililipa, nikabeba gunia begani hadi nyumbani, na njiani watu wawili watatu walinisalimia.

Mungu akutangulie mtoni, mwanangu. Sauti yako nimeisikia mwanzo wa avenyu, unacheka na mtu. Nakunja karatasi.

Papa yako,
Ramazani